Oveni ya Gesi Isiyowaka au Isiyopata Moto wa Kutosha: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Tatizo Hatua kwa Hatua

Njia ya gesi kuelekea kwenye oveni ni fupi. Gesi hutoka kwenye mtungi, hupita kwenye regyuleta na mpira, huingia kwenye bomba lililo nyuma ya jiko, hufika kwenye valvu iliyo chini ya nobu, hutokea kwenye tundu dogo la nozeli, huchanganyika na hewa, kisha huwaka kwenye bana. Karibu kila tatizo la oveni hupatikana kwa kuifuata njia hiyo kwa mpangilio huohuo, bila kuruka hatua. Nilijifunza jambo hili kwa gharama. Siku chache kabla ya harusi niliyokuwa nimepokea oda ya keki, oveni yangu iliacha kupata moto. Fundi aliyeitwa akabadilisha themostati, yaani kifaa kinachodhibiti joto la oveni, nikalipa, na keki ya majaribio ikatoka mbichi katikati vilevile. Tulipolivuta jiko kutoka ukutani ndipo tukaona mpira wa gesi umekunjwa na kubanwa na mguu wa jiko. Themostati ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Mwongozo huu unahusu majiko ya kusimama yenye plati juu na oveni chini, yanayotumia gesi ya mtungi, kwa kuwa ndiyo yaliyo katika nyumba nyingi za Tanzania na Kenya. Hakikisha kwanza kwamba oveni yako ni ya gesi kweli. Majiko mengi yanayouzwa madukani yana plati za gesi na oveni ya umeme, na mtu anaweza kuhangaika na mtungi ilhali tatizo ni soketi. Fungua mlango na uangalie sakafu ya oveni: ya gesi ina matundu au mianya, na chini yake lipo bomba la bana lenye safu ya matundu madogo, ya umeme ina koili nyeusi au haina kitu kinachoonekana.

Kabla ya kugusa chochote

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa: propani kwa takribani mara 1.5, butani kwa takribani mara 2. Gesi ikivuja haipandi darini. Hutambaa sakafuni, hujaa kwenye droo ya chini ya jiko na ndani ya kabati, na hubaki hapo. Mchanganyiko wa takribani asilimia 2 hadi 10 ya gesi katika hewa huwaka kwa cheche moja. Bana ya oveni ya kawaida, yenye nguvu ya kilowati 2.3 hivi, hutoa zaidi ya lita moja ya gesi kwa dakika. Kwa oveni ya lita 60 iliyofungwa mlango, dakika moja hivi ya kuachia gesi bila kuwasha inatosha kuifanya iwe hatari. Kwa sababu hiyo, washa oveni mlango ukiwa wazi kabisa, uso wako ukiwa pembeni, na kiberiti kiwake kabla nobu haijafunguliwa. Moto usiposhika ndani ya sekunde 15, funga nobu, acha mlango wazi, pepea hewa ya chini kwa kipande cha boksi, kisha subiri dakika 5 kamili.

Harufu ikiwa kali hata kabla hujaanza, funga mtungi, fungua milango na madirisha, na usiguse swichi yoyote ya umeme, iwe ya kuwasha au ya kuzima. Uchunguzi usubiri mpaka harufu iishe. Unapofungua sehemu za jiko, mtungi uwe umefungwa na waya wa umeme wa jiko uwe umechomolewa.

Hatua ya kwanza: plati za juu zinasemaje?

Jaribio hili halina gharama, nalo hugawa matatizo katika mafungu mawili. Washa plati kubwa ya juu mpaka mwisho. Ikiwaka kwa miali ya bluu iliyosimama imara, washa ya pili na ya tatu huku ukiitazama ya kwanza. Miali ikibaki vilevile, mtungi, regyuleta na mpira ni vizima, na tatizo limo ndani ya oveni. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya tatu. Ikiwa plati zote ni dhaifu, au ya kwanza inanywea kila unapowasha nyingine, tatizo liko kabla ya jiko, na kuifungua oveni ni kupoteza muda.

Hatua ya pili: mtungi, regyuleta na mpira

Anza kwa kujua gesi iliyobaki. Kuutikisa mtungi hakuelezi kitu cha kuaminika. Kila mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu, kwa kawaida kwenye shingo au kwenye mkono wa juu. Upime kwenye mizani, toa uzito huo, na kinachobaki ndiyo gesi. Oveni inayowaka moto kamili hula takribani gramu 180 kwa saa, hivyo mtungi wa kilo 6 uliojaa huiendesha oveni peke yake kwa saa 33 hivi. Ukioka mikate kila siku kwa mtungi mdogo, usishangae.

Mtungi mdogo una tabia nyingine inayowachanganya wengi. Gesi iliyomo ni kimiminika, na ili igeuke mvuke hulazimika kuchukua joto kutoka kwenye chuma cha mtungi. Oveni na plati tatu zikiwaka pamoja kwa muda mrefu, mtungi hupoa mpaka ukatoa jasho, na msukumo hushuka ingawa gesi bado ipo. Butani huacha kugeuka mvuke inapokaribia nyuzi 0 za Selsiasi, kwa hiyo Makete au Njombe mwezi wa Julai hali hii huja mapema kuliko Tanga. Dawa yake ni mtungi mkubwa zaidi, au kupunguza plati zinazowaka wakati wa kuoka. Usiumwagie mtungi maji ya moto, wala usiulaze. Ukilala, kimiminika huingia kwenye regyuleta na moto unaotoka huwa mkubwa kupita kiasi.

Regyuleta ya nyumbani hutoa gesi kwa msukumo wa takribani milibari 28 hadi 30. Zipo zenye kinga ya kufunga gesi ikitoka kwa kasi, na kinga hiyo hujifunga bila sababu mtu akifungua mtungi kwa pupa huku nobu ya jiko iko wazi. Dalili yake ni moto mdogo sana au kutokuwepo kwa moto kabisa, muda mfupi baada ya kubadilisha mtungi. Funga nobu zote, ondoa regyuleta, subiri dakika moja, irudishe, kisha fungua polepole. Ikiwa bado, jaribu regyuleta ya jirani ya aina ileile kabla ya kununua. Regyuleta za msukumo mkubwa, zile zenye mkono wa kuzungusha ambazo hutumika kwenye majiko ya migahawani, zisifungwe kwenye jiko la nyumbani hata kwa siku moja. Valvu na mipira ya jiko hilo haikutengenezwa kuubeba msukumo huo.

Upapase mpira wote kwa mkono. Usiwe umekunjwa, usiguse mgongo wa oveni unakotokea moto, na usizidi mita moja na nusu. Ukiupinda ukaona nyufa ndogondogo, au ukiwa mgumu kama plastiki, badilisha pamoja na klipu zake. Kisha changanya sabuni ya unga na maji, upake povu kwenye maungio yote mtungi ukiwa wazi na nobu zikiwa zimefungwa. Mapovu yanayokua ni uvujaji. Njiti ya kiberiti haitumiki kwa kazi hii kamwe.

Hatua ya tatu: cheche hazitoki, au zinatoka lakini moto haushiki

Tenganisha mambo mawili: cheche na gesi. Washa oveni kwa kiberiti kirefu. Ikiwaka na kukaa, gesi ni nzima na una tatizo la kiwashio tu, ambalo linaweza kusubiri wakati wewe unaendelea kupika.

Viwashio vingine hutumia umeme wa ukutani, vingine betri ya volti 1.5 iliyofichwa nyuma ya kifuniko kidogo karibu na nobu au chini ya jiko. Anza na betri na uangalie kutu kwenye vyuma vyake. Kama mlio wa "tik-tik" unasikika lakini cheche haionekani, zima taa za jikoni na utazame ncha ya kiwashio. Cheche ikirukia pembeni, kaure nyeupe inayoushika waya ina ufa, na kipuri kizima hubadilishwa. Cheche isipoonekana popote, waya umechomoka au umeungua. Nafasi kati ya ncha na bana iwe milimita 3 hadi 5. Mafuta na unga ulioungua hapo hufutwa kwa mswaki wa zamani na kitambaa kikavu.

Mlio usiokoma hata baada ya kuachia nobu kwa kawaida huja baada ya kuosha jiko. Maji yameingia kwenye swichi ndogo zilizo chini ya nobu. Chomoa umeme, ng'oa nobu, elekeza feni hapo, na uache mpaka kesho.

Kama cheche ni nzuri, plati za juu zinawaka, lakini oveni haiwaki hata kwa kiberiti, gesi haifiki kwenye bana. Inua sakafu ya oveni, ambayo hushikwa na skrubu mbili au huteleza tu, kisha fungua skrubu ya bana na uivute kutoka kwenye nozeli. Utaona kitu kama kofia ndogo ya shaba yenye tundu jembamba. Namba iliyochongwa juu yake, kwa mfano 65 au 70, kwa kawaida ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, maana yake milimita 0.65 au 0.70. Tundu la kiasi hicho huzibwa na chembe moja ya kutu. Ifungue kwa spana, iloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni, ipulize, kisha itazame kwenye mwanga: unapaswa kuona nukta ya mwanga iliyo mviringo kamili. Usitumie sindano wala waya wa chuma, kwa sababu shaba ni laini na tundu likipanuka kidogo tu moto hugeuka wa njano wenye masizi. Nyuzi ya brashi ya plastiki inatosha.

Ukiwa hapo, chungulia ndani ya bomba la bana lenyewe. Buibui hupenda kufuma utando ndani yake, na nyigu hujenga kiota cha udongo, hasa jiko likikaa muda bila kutumika. Nimewahi kutoa kiota kikubwa kama kidole gumba kwa chelewa na brashi ya kusafishia chupa, kutoka kwenye oveni ambayo mwenyewe alikuwa tayari ameitafutia mnunuzi wa chuma chakavu.

Hatua ya nne: moto unawaka, ukiachia nobu unazimika

Hili ndilo tatizo linaloletwa kwa mafundi kuliko mengine, na ndilo linalotengenezwa vibaya kuliko mengine. Ndani ya oveni, pembeni mwa bana, kuna kijiti cha shaba au chuma kiitwacho themokapo. Kikipata moto huzalisha umeme mdogo sana, mara nyingi kati ya milivolti 10 na 30, nao hupita kwenye waya mwembamba hadi kwenye sumaku iliyo ndani ya valvu. Sumaku hiyo ndiyo inayoishikilia valvu iwe wazi baada ya wewe kuachia nobu. Moto ukizimwa na upepo au na uji uliofurika, kijiti hupoa, sumaku huachia, na gesi hukatika yenyewe.

Fanya hivi:

1. Bonyeza nobu na uishikilie kwa sekunde 15 kamili baada ya moto kushika. Watu wengi huachia baada ya sekunde 3, na oveni haina tatizo lolote.
2. Tazama kama mwali unakilamba kijiti. Ncha yake, kiasi cha sentimita moja, iwe ndani ya moto. Kikiwa kimepinda au kimelegea kwenye kishikio, kirudishe mahali pake.
3. Jiko likiwa limepoa, isugue ncha kwa msasa laini mpaka masizi na ukoko wa mafuta viondoke na chuma kionekane.
4. Fuata waya wake hadi kwenye valvu na uangalie muungio. Ufungue, ufute kwa kitambaa kikavu, ukaze kwa vidole, kisha uongeze robo ya mzunguko kwa spana. Kukaza kupita hapo huvunja kihami (kizuizi cha umeme) kilicho ndani.
5. Funga mtungi, na oveni ikiwa haina harufu ya gesi, ipashe ncha moto kwa kiberiti cha gesi kwa nusu dakika huku nobu ikiwa imefunguliwa na kubonyezwa. Achia nobu, ondoa moto, kaa kimya usikilize. Baada ya muda, pengine hata dakika nzima, utasikia mlio mdogo, "tak": sumaku ilishika na sasa imeachia. Ukiusikia, themokapo na sumaku ni nzima, na kosa ni mahali kijiti kilipokaa au ukubwa wa moto. Usipousikia, badilisha themokapo kwanza, kwa kuwa ni rahisi kuliko valvu. Beba ya zamani dukani ili urefu na nati vifanane.

Wapo mafundi wanaokata njia ya mkato: wanaing'oa sumaku, au wanamfundisha mteja kuibana nobu kwa kipande cha mti ili ibaki imebonyezwa. Oveni huwaka, mteja hufurahi, na kuanzia siku hiyo hakuna kitu kitakachokata gesi moto ukizimika mlango ukiwa umefungwa. Ukikuta jiko lako limefanyiwa hivyo, usitumie oveni yake mpaka kinga irudishwe. Fundi aliyefanya kazi hiyo asipewe nyingine nyumbani mwako.

Ikiwa moto unakaa mlango ukiwa wazi lakini unazimika unapoufunga taratibu, au unazimika nobu ikishushwa, kosa ni moto mdogo wa chini kabisa. Husawazishwa kwa skrubu ndogo iliyo kwenye mwili wa valvu, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye uzoefu.

Hatua ya tano: oveni inawaka, chakula hakiivi

Soma rangi ya moto kabla ya kitu kingine. Zima taa, chungulia kwenye mianya ya sakafu. Miali iwe ya bluu, yenye kimo kinacholingana kutoka upande hadi upande. Sehemu isiyo na miali ina matundu yaliyozibwa; yasafishe kwa brashi ya nyaya. Miali mirefu ya njano inayoacha masizi kwenye sufuria inakosa hewa: bana imeziba, au nozeli ni kubwa mno. Miali inayoruka juu ya matundu kwa mvumo ina msukumo au hewa iliyozidi. Moto wa njano usipuuzwe, kwa kuwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu. Mtu akianza kuumwa kichwa jikoni wakati oveni inawaka, izime na mtoke nje.

Jiko la mtumba kutoka Ulaya linahitaji kuangaliwa kibandiko chake, kilichopo mgongoni au nyuma ya droo ya chini. "G20" na milibari 20 maana yake limetengenezewa gesi asilia. "G30" na milibari 28 hadi 30 ni gesi ya mtungi. Kwa ujazo uleule, gesi ya mtungi ina nishati ya takribani mara mbili na nusu ya gesi asilia, hivyo nozeli zake ni nyembamba zaidi. Jiko la G20 likifungwa kwenye mtungi bila kubadilishwa nozeli hutoa moto mkubwa wa njano. Kinyume chake pia hutokea kwa wakazi wa Dar es Salaam na Mtwara waliounganishiwa gesi asilia kwa bomba: jiko la mtungi likihamishiwa huko bila mabadiliko huwaka kwa moto mdogo, na oveni haifiki popote.

Moto ukiwa mzuri na chakula bado hakiivi, pima. Kipimajoto cha oveni ni kitu cha bei nafuu, nami naamini kina faida kuliko kipuri chochote, hasa kwa kuwa majiko mengi ya bei ya chini hayana themostati kabisa. Nobu yake inaongeza na kupunguza gesi tu, na namba zilizochorwa si nyuzi joto. Kitundike katikati, funga mlango, subiri dakika 20, kisha soma mara tatu kwa kupisha dakika 10. Usipokuwa nacho, na nobu yako ina nyuzi joto, sukari itakusaidia: huyeyuka kwenye nyuzi 186 hivi. Weka kijiko kimoja kwenye karatasi ya foili, nobu ikiwa kwenye 175, kwa dakika 15, haitakiwi kuyeyuka. Pandisha hadi 190 kwa sukari nyingine, sasa iyeyuke. Ikiyeyuka mapema, oveni yako inazidisha. Isipoyeyuka kabisa, inapunguza.

Tofauti ya nyuzi 10 hadi 20 haihitaji fundi. Andika joto halisi la kila alama kwenye karatasi na ubandike ndani ya kabati. Tofauti kubwa inayobadilika kila siku huashiria themostati, na hapo kwanza angalia kijiti chake cha kuhisi joto, kilichounganishwa kwa bomba jembamba kama waya. Kinapaswa kukaa kwenye vishikio vyake bila kugusa ukuta. Kikidondoka sakafuni karibu na moto, hudanganywa na kupunguza gesi mapema. Bomba hilo likikatika, themostati nzima hubadilishwa.

Joto pia hutoroka mlangoni. Bana kipande cha karatasi kwenye mlango na ukivute. Kikitoka bila upinzani, mpira wa mlango au bawaba zimechoka.

Kisha kuna makosa ambayo si ya oveni. Trei inayojaza wavu mzima huzuia hewa ya moto kupanda, na matokeo yake ni keki iliyoungua chini na kupauka juu. Acha sentimita 3 au zaidi kila upande. Foili iliyotandikwa sakafuni huziba mianya ya moto na yaweza hata kuuzima. Keki inayoinama upande mmoja kila mara inaonyesha jiko halijakaa sawa: weka bakuli la maji kwenye wavu, utazame maji yameegemea wapi, kisha rekebisha miguu.

Baada ya kurudisha kila kitu, rudia povu la sabuni kwenye kila muungio uliouthubutu kuufungua, ukianza na ule wa nozeli unaoweza kuufikia na ule wa mpira nyuma ya jiko. Washa oveni ikiwa tupu, mlango wazi kwa dakika 2, kisha ufunge na uiache kwa nusu saa dirisha likiwa wazi. Moshi kidogo wa mafuta ya usafi ni wa kawaida mwanzoni. Harufu ya gesi si ya kawaida dakika yoyote, na ukiisikia funga mtungi kabla ya nobu.